Dakika Mia Sita na Tisa za Bilali

Jumamosi, ikifika saa tisa alasiri, saluni ya Sikuzani pale Tangini, Kibaha, hufunga kazi ya nywele na kuanza kazi ya kikapu. Mteja wa mwisho hutolewa chini ya mashine ya kukaushia, mabaki ya rasta hufagiliwa, na viti vitatu vya plastiki huazimwa kwa muuza chipsi wa jirani. Hapo ndipo hukutana mashabiki wa tangu zamani wa timu ya kikapu ya Chuo cha Mtondoo: watu wazima, wenye ajira na watoto, waliojitwika kazi ya kujadili wachezaji ambao siku hizi wengi wao wana vitambi.

Tangu mwezi wa pili walikuwa na shughuli moja tu, nayo ni kupanga kikosi bora cha miaka yote. Chuo kilikuwa kinatimiza miaka thelathini, na uongozi uliwaomba mashabiki walete majina kumi na mawili, watano wa kuanza na saba wa akiba, ili yachorwe kwenye ukuta wa uwanja. Kazi ilikadiriwa kuchukua wiki mbili. Sasa ulikuwa mwezi wa nane.

Mwenye madaftari alikuwa Isihaka. Enzi za chuo alikaa meza ya alama, akiandika pointi, madhambi na muda wa kila mchezaji, na alipohitimu aliondoka na madaftari yote kumi na manne, si kwa wizi, ila kwa sababu hakuna aliyeyaulizia. Siku hizi anatunza kumbukumbu katika masjala ya ofisi moja ya serikali mjini Kibaha, kazi inayomfaa, maana ni mtu asiyeweza kuona safu ya tarakimu akaiacha bila kuijumlisha.

Jumamosi hiyo alikuwa amekaa chini ya mashine ya nywele iliyozimwa, anajumlisha dakika za msimu wa 2013 ili kumaliza ubishi kuhusu mchezaji aliyeitwa Zubeir, ndipo akaona hazitimii.

"Mechi ina dakika arobaini," alisema. "Uwanjani watu watano. Jumla dakika mia mbili. Si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Omary bila kuinua macho kwenye simu. Omary ana kirikuu, kigari cha kubebea chakula cha kuku, na ni mtu wa kukubali haraka ili mambo yaishe.

"Mechi ya kwanza ninayo mia moja sabini na moja. Ya pili, mia moja sitini na sita. Ya tatu, mia moja sabini na tatu."

Sikuzani alikuwa anaosha vitana kwenye beseni. "Kwani tulicheza wanne?"

"Watano. Nilikuwepo, na wewe ulikuwepo unapiga ngoma."

"Basi uliandika vibaya."

Kumwambia Isihaka kwamba ameandika vibaya ni kama kumwambia imamu kwamba amekosea kuhesabu rakaa. Alirudia kujumlisha mara tatu, akafungua na daftari la msimu wa kabla yake, na kufikia adhana ya magharibi alikuwa amepata jibu. Dakika zilipungua katika mechi ishirini na moja, na katika zote ishirini na moja Bilali alikuwa amevaa jezi na kukaa benchi. Mechi tano ambazo Bilali aliumwa malaria, jumla ilikuwa mia mbili kamili. Zilizopotea zote kwa pamoja zilikuwa dakika mia sita na tisa.

"Kwa hiyo Popo alituibia dakika," alisema Omary.

Huyo Popo ni Bilali. Alikuwa kijana wa Mlandizi kama Isihaka. Walipangiwa chumba kimoja mwaka wa kwanza, Isihaka kitanda cha chini, Bilali cha juu, na kwa mwaka mzima miguu ya Bilali ilining'inia usoni pa Isihaka bila ugomvi wowote. Alisugua benchi misimu miwili. Kisha akahamia Chuo cha Mvule cha Kisarawe, mahasimu wakubwa, na siku ya mechi ya kwanza baada ya uhamisho huo mashabiki wa Mtondoo walimpokea kwa bango lenye neno POPO, kwa kuwa popo si ndege wala si mnyama. Jina hilo lilibuniwa na Isihaka. Alilibuni asubuhi akipiga mswaki, na mchana lilikuwa limeshaandikwa. Tangu siku hiyo hawakuwahi kuzungumza, na miaka ilikuwa imefika kumi na miwili.

"Aliyekaa benchi haibi dakika," Isihaka alisema. "Anayegawa dakika ni kocha."

Kesho yake, watu walipokwisha kutoka misa ya pili, Isihaka na Sikuzani walikwenda kwa Kocha Didas, kule mtaa wa Pangani, hapo hapo Kibaha.

Kila mtu wa mtaa ule anajua kwamba Mama Tito, mke wa kocha, ana muda. Ana mabanda mawili ya kuku, anaimba sauti ya pili kwaya ya parokia, anashona vitambaa vya makochi kwa ajili ya maharusi wa nusu ya Kibaha, anafundisha shule ya msingi, na sasa yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili. Majirani huanika nguo asubuhi wakimwona anafua, na wanapogeuka ameshapiga pasi. Wanasema ni mchapakazi. Yeye mwenyewe huitikia kwamba ni neema.

Aliwakaribisha Isihaka na Sikuzani kwa chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha. Waliamkia, wakaitikiwa marahaba, wakala mihogo yote, wakasikiliza habari za mahafali ya Tito tangu joho mpaka keki, wakaangalia na picha. Isihaka alipotazama saa ya ukutani aliona wamekaa dakika nne.

Kocha Didas alipopewa daftari alilisoma taratibu, akalirudisha.

"Hesabu ni sahihi," alisema. "Zipo. Ziko stoo."

"Zilifikaje stoo, Kocha?" aliuliza Sikuzani.

"Mchezaji amekaa benchi. Unamwambia, jiandae. Anasimama, anavua traksuti, anakwenda kuchuchumaa pale meza ya alama asubiri kuingia. Halafu unamwita: rudi, kaa kwanza. Hapo inabaki dakika moja inaelea. Makocha wengi hawaioni. Mimi nilifundishwa na mwalimu wangu kutoacha vitu uwanjani, nikawa naiweka mfukoni."

"Na aliyekuwa uwanjani?"

"Zubeir? Alikuwa anasimama tu katika muda wa mwenzake. Daftari halikumkubali, kama unavyoona." Kocha alikunywa chai. "Zubeir alikuwa mpwa wa mkuu wa chuo, na basi la kwenda mechini lilitoka kwa mkuu wa chuo. Msijifanye hamjui."

"Kwa nini ni Bilali tu?" aliuliza Isihaka. "Benchi lilikuwa na watu saba."

"Wengine ukiwarudisha mara mbili, ya tatu hawasimami. Bilali alisimama kila nilipomwambia. Kijana mwenye adabu sana." Alisema hivyo kwa mapenzi ya kweli. "Na nilizitunza vizuri. Mchezaji ambaye hajakomaa ukimpa dakika anazimwaga."

Mama Tito alikuwa ameweka kikombe chini. "Didas, zile zina mwenyewe?"

"Zina mwenyewe, ndiyo."

"Uliniambia ni baraka."

"Nilikwambia ni kama baraka."

Mama Tito alinyamaza kwa kitambo ambacho kwenye nyumba nyingine kingekuwa robo saa. Kisha alikwenda stoo, akarudi na ndoo ya rangi ya lita ishirini yenye mfuniko, akaifuta vumbi kwa upande wa kitenge.

"Sijazichota," alimwambia Isihaka. "Zinakaa tu, na nyumba inanufaika, kama mtungi unavyopoza chumba na maji hayapungui. Mwambie hivyo Bilali. Mwambie nimelea watoto wanne kwenye ubaridi wake na sikujua." Halafu akashusha sauti. "Ila nipeni nafasi nimalizie sura ya nne ya utafiti wangu kwanza."

Akaingia chumbani, akaandika kurasa kumi na moja, akatoka. Chai ya Sikuzani ilikuwa bado ina moshi.

Ndoo ilionekana tupu lakini ilikuwa nzito kama ya maji. Ukitega sikio kwenye mfuniko ulisikia kwa mbali soli za viatu zikikwaruza sakafu, na filimbi. Isihaka aliiweka chini ya kitanda chake kule Sofu, na wiki hiyo alifika kazini mapema kila siku, mpaka bosi wake akamuuliza kama ana matatizo nyumbani. Kabla ya Jumamosi alimtumia Bilali ujumbe alioufuta na kuuandika upya mara tisa. Uliobaki ulisema: "Bilali, ni Isihaka wa chumba namba sita. Tuna dakika zako. Tunazileta Jumamosi." Jibu lilikuja baada ya swala ya isha: "Poa."

Sikuzani naye hakulala. Alitangaza kwenye kundi la simu, akakodi Costa kwa ajili ya mashabiki thelathini, akazungumza na vijana wa Chuo cha Mvule wa sasa wakubali kucheza mechi ya kirafiki saa kumi na nusu. Bilali angeingia uwanjani na dakika zake zote, na hatimaye watu wangeona kwa macho kama anastahili kuwa kwenye wale kumi na wawili. Bila hivyo, alisema, ubishi ungefika mwezi wa kumi na mbili.

"Na kama hataki?" aliuliza Isihaka.

"Mchezaji gani hataki dakika?"

Walipakia ndoo nyuma ya kirikuu cha Omary, katikati ya magunia ya pumba. Mfuniko haukuwa mzima. Walipopita Kiluvya na kuanza barabara ya vumbi, ndoo ilirushwarushwa, na duka moja la simenti lenye tembo wa kuchorwa ukutani wakalipita mara tatu bila gari kugeuza. Mara ya tatu mwenye duka aliwapungia mkono kama watu anaowafahamu. Isihaka alimwambia Omary asimame, akapanda nyuma, akakaa juu ya mfuniko mpaka mwisho wa safari. Walipofika Kisarawe alilinganisha saa yake na ya simu.

"Tumetumia dakika kumi na tisa za mtu."

"Hata maji ukiyabeba yanamwagika," alisema Omary.

Sikuzani na Omary walikwenda moja kwa moja uwanjani kupanga watu. Isihaka alishushwa na ndoo yake nje kidogo ya mji, kwa Bilali, ambaye siku hizi ni bwana miti na ana kitalu nyuma ya nyumba: miche ya mikaratusi, miembe na mitiki imepangwa kwa mistari iliyonyooka kuliko benchi lolote. Bilali mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto, wote wawili wanalia.

"Isi."

"Bilali."

"Umenenepa."

"Na wewe pia."

"Karibu ndani. Huyu ni Hamidu, huyu Firdausi. Au kinyume chake, nitakwambia wakinyamaza."

Mkewe, Zena, alitoka jikoni. Alikuwa na macho ya mtu anayekutazama huku anatazama na kilicho nyuma yako. Tangu alipojifungua mapacha hao mwezi wa Shaabani hakuwa amelala zaidi ya saa moja kwa mkupuo. Mmoja akinyamaza ndipo mwenzake hukumbuka kulia. "Karibu shemeji," alimwambia Isihaka, akatazama ndoo. "Hiyo ni rangi?"

"Ni dakika zangu za Mtondoo," alisema Bilali. "Kocha alikuwa nazo."

"Nyingi?"

"Saa tisa na dakika hamsini," alisema Isihaka. "Zilikuwa zaidi, barabara mbaya."

Zena alifikiri. "Za mfululizo?"

"Za mfululizo."

Zena alimtazama mumewe. Bilali naye aliitazama ndoo, lakini si kwa muda mrefu.

"Chukua," alimwambia mkewe.

"Bilali," alisema Isihaka, "watu wamejaa uwanjani. Wamekodi na Costa."

"Najua. Na huyu yuko meza ya alama tangu Shaabani."

Zena aliingia na ndoo chumbani, akafunga mlango. Walisikia mfuniko ukifunguka, kisha kitanda kikiitika mara moja. Ilikuwa saa kumi na dakika mbili.

Saa kumi na dakika mbili ilikaa. Jua lilisimama juu ya paa la jirani. Kuku aliyekuwa anavuka ua alibaki na mguu mmoja juu, na nje ya uzio Mzee Hussen, aliyekuwa anapita na baiskeli yenye mzigo wa majani ya mbuzi, alitulia katikati ya njia bila kuanguka. Waliokuwa ndani ya nyumba waliendelea kama kawaida. Mapacha hasa.

"Chukua huyu," alisema Bilali, akampa Isihaka mtoto. "Mshike kichwa. Usimtazame machoni, anadhani unataka kucheza."

Saa ya kwanza hawakuweza kuzungumza kwa sababu ya kelele. Ya pili walifua nepi, wakazianika, zikakauka upande mmoja tu, kwa kuwa jua halikuhama, ikabidi Isihaka azigeuze kama chapati. Ya tatu walipika ugali na dagaa. Watoto walipewa maziwa Zena aliyokuwa amekamua na kuweka kwenye friji, wakacheua begani kwa Isihaka, mmoja kulia mwingine kushoto, wakalala. Ndipo ikawa hakuna tena kisingizio.

"Lile jina nililitunga mimi," alisema Isihaka.

"Najua. Bango lilikuwa na O zako. Unaziandika kama mayai."

"Hukusema."

"Ningesema wapi? Nilikuwa uwanjani, bwana. Kwa mara ya kwanza nilikuwa uwanjani."

Isihaka alimpangusa Hamidu, au Firdausi, mdomo. Alisema alikasirika kwamba Bilali ameondoka bila kumuaga. Kwamba aliamka asubuhi akakuta hakuna miguu juu yake, godoro limekunjwa, na kwenye kundi la mashabiki wanasema amefuata viatu vipya vya Mvule. Akaamini viatu. Alisema pia kwamba viatu vilikuwa rahisi kuaminika.

"Viatu nilipewa kweli," alisema Bilali. "Vilinibana."

"Ulichoka kukaa benchi. Ningekuelewa."

Bilali alitikisa kichwa. "Kukaa sikuchoka. Kukaa ni kazi nyepesi, unaona mpira vizuri, unakunywa maji. Nilichoka kusimama."

Isihaka alikuwa ameketi meza ya alama mechi zote ishirini na moja. Mara mia sita na tisa Bilali alikuja kuchuchumaa mbele yake, goti lake karibu kugusa meza, mara mia sita na tisa akarudi, na yeye hakuandika hata moja, kwa sababu daftari la alama halina safu ya mtu aliyetaka kuingia. Alilisema hilo kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma jalada alilolipoteza mwenyewe.

"Ulikuwa unanipa pole kwa jicho," alisema Bilali.

"Jicho haliwekwi kwenye kumbukumbu."

"Haliwekwi. Ila nililiona."

Saa ya sita Isihaka alitoka kwenda kumtazama Mzee Hussen, akaona jua linampiga usoni, akarudi kuuliza kama kuna mwavuli. Wakaufunga kwenye usukani wa baiskeli kwa kamba ya miche. Saa ya saba Bilali alimfundisha kupandikiza mitiki. Ya nane walibishana kuhusu fainali ya mwaka 2012, nani alipaswa kurusha mpira wa mwisho, wakabishana vizuri, kwa sauti za chini, kila mtu na pacha wake, na Isihaka akahisi kitu kilichokuwa kimembana kifuani miaka kumi na miwili kimelegea kama mkanda baada ya pilau. Saa ya tisa walisinzia wameketi.

Mlango wa chumbani ulifunguka. Zena alitoka na alama za mto shavuni. Alionekana mfupi kidogo, na mdogo kwa miaka mingi.

"Shemeji," alisema, "kumbe una uso mwembamba. Nilikuwa nakuona mnene."

Kuku alishusha mguu. Nje, Mzee Hussen aliendelea kunyonga baiskeli, akaona mwavuli juu yake, akasema, "Ahsanteni kwa mwavuli, nitaurudisha kesho," akaenda zake. Ilikuwa saa kumi na dakika mbili na nusu.

Walifika uwanjani kabla ya wakati. Mashabiki thelathini walikuwa wamejipanga na ngoma, vijana wa Mvule wanapasha misuli. Sikuzani aliwaona, kisha akaona mikono yao mitupu.

"Ndoo iko wapi?"

"Nyumbani," alisema Bilali. "Imelowekewa nepi."

"Na dakika?"

"Zena amezilala."

Ngoma zilinyamaza moja baada ya nyingine. Sikuzani alimkaribia Isihaka, akamtazama kidevuni kwa jicho la kazi yake. "Asubuhi ulikuwa umenyoa," alisema. "Na wewe ulikuwemo."

"Nilikuwemo. Nimebeba mtoto."

"Dakika mia sita na tisa za kikapu," Sikuzani alisema taratibu, kama anayetaja marehemu, "zimelaliwa."

"Mia tano na tisini," alisema Isihaka.

Kijana mmoja wa Mvule, ambaye hakuelewa linaloendelea, alimrushia Bilali mpira. Bilali aliudaka, na kwa kipindi kisichokuwa kwenye hesabu yoyote alisimama nao, shati lake lina maziwa bega zima. Kisha akautoa kwa pasi moja ya chini, iliyodunda mara moja na kumfikia kijana wa kona kiganjani bila yeye kusogeza mkono. Isihaka alikuwa ameandika alama za mechi mia na zaidi na hakukumbuka pasi safi kama ile.

"Umeona?" Omary aliwaambia wenzake. "Yuko wazi, kikapu kile pale, anatoa pasi. Hana uchu. Kocha aliliona hilo mapema."

Watu wengi waliafiki. Kwenye Costa, njia nzima ya kurudi Kibaha, walijadili jambo hilo kwa kina: kwamba mchezaji mwenye njaa ya kweli hawezi kumpa mtu dakika zake, hata awe mke, kwamba huenda Kocha Didas alikuwa anamjua kuliko alivyojijua, kwamba ule uhamisho, ukiutazama tena, ulikuwa na faida kwa pande zote. Mmoja alisema hata adabu ni udhaifu kwa mchezaji wa pembeni.

Orodha ilikamilika wiki iliyofuata. Isihaka alizungumza kwa dakika ishirini, akiwa na madaftari manne mkononi, kutaka Bilali awekwe katika watano wa kuanza na Zubeir atolewe. Alisikilizwa kwa heshima. Lakini Zubeir siku hizi ni meneja wa bima na ndiye aliyewanunulia wote fulana za maadhimisho, na ilionekana si vyema kumtoa mtu kwenye kikosi huku umevaa fulana yake. Akabaki. Kocha Didas alichaguliwa kocha bora wa miaka yote kwa kura zote isipokuwa moja. Isihaka alitaja pia kwamba katika mechi ya timu ya sasa, ambayo bado iko chini ya Didas, Jumatano iliyopita, dakika zilijumlika mia moja themanini na mbili. Omary akasema timu si imeshinda.

Kuhusu Bilali, kikao kiliona kwamba ametendewa isivyo haki kwa muda mrefu, na kwamba lazima heshima yake irudishwe hadharani. Jina la Popo lilifutwa rasmi. Kwa kauli moja akapitishwa kuwa miongoni mwa kumi na wawili, nafasi ya sita, wa kwanza katika wachezaji wa akiba. Watu walipiga makofi, na Sikuzani alifuta machozi kwa taulo la saluni.

Isihaka alitoka nje kupiga simu. Kule Kisarawe ilipokelewa kwa kilio cha mtoto mmoja, halafu cha wawili, halafu sauti ya Bilali.

"Wamekupitisha," Isihaka alisema. "Kikosi bora cha miaka yote. Watakuchora ukutani."

"Nafasi gani?"

Isihaka alitazama barabara. "Benchi."

Upande wa pili walisikika mapacha tu. Kisha alimsikia Bilali akicheka, kicheko kile kile cha kitanda cha juu.

"Wape shukrani zangu," alisema Bilali. "Waambie nimeshakaa."